Vidonge Nilivyomeza kwa Mate

Kila asubuhi, kabla sijasema na mtu, nanyoosha mikono mbele yangu na kuiangalia. Wakulima wenzangu wakiamka huangalia mawingu. Mimi huangalia vidole. Vikitetemeka kidogo, najua leo kazi itaendelea. Vikitetemeka sana, najua nitashinda nikitafuta uongo wa kuwaambia wateja ili warudi kesho. Kuna siku hutulia kabisa, na hizo ndizo zinazonitisha zaidi, kwa sababu hapo naanza kujiuliza kama jana nilikunywa dawa kweli au nilidhani tu nimekunywa.

Kazi yangu ni kupandikiza michungwa. Nina kitalu nyuma ya soko la Matiliku, huku Makueni. Unachukua mche wa mlimau wa kienyeji, ambao mizizi yake imezoea ukame, unachana ganda lake kwa kisu kidogo, unachomeka ndani jicho, lile chipukizi changa ulilolikata kwenye mchungwa mzuri, kisha unafunga kwa ukanda wa nailoni na kumwachia Mungu. Jicho lenyewe ni dogo kama punje ya mahindi. Kisu kikiteleza, basi, umeliharibu. Zamani watu walikuwa wakisimama kuangalia mikono yangu ikifanya kazi hiyo, na mimi, nisijifanye mnyenyekevu, nilipenda sana kuangaliwa.

Halafu nikaugua. Daktari alisema ugonjwa wangu unaitwa baipola: kuna wakati akili inapanda kama gari lisilo na breki, na kuna wakati inashuka mpaka mtu hataki hata kunawa uso. Kushuka nilikujua tangu ujana, ila nilikuwa nakuita uchovu. Kupanda ndiko kulikonipeleka Nuu.

Nuu ni mbali, upande wa Mwingi, nchi ya mbuzi na jua. Nilikuwa sijalala kwa siku kadhaa na sikuona haja ya kulala. Niliona wazi kabisa kwamba Nuu yote inaweza kuwa shamba moja la machungwa, na kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa kulianzisha. Nikakata vijiti vyote kwenye miti yangu ya mbegu, nikajaza gunia, nikasafiri, nikasimama katikati ya soko la mbuzi nikaanza kuwahubiria wafugaji. Wengine walicheka, wengine walinipa maji. Mmoja aliniuliza kwa upole mbuzi watafungwa wapi machungwa yakianza kumea, nami nikamwona mtu asiye na maono. Ndugu zangu walipokuja kunichukua nilikuwa nimepoteza viatu na sauti. Furaha ile sijaipata tena tangu siku hiyo. Kuna wakati naitamani, na wakati wote naiogopa.

Kwa wakwe tulisema ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Malaria kila mtu huku anaielewa, na haimwaibishi mtu.

Nikaanzishwa vidonge vya lithiamu. Vilinishusha polepole, mpaka nikaweza tena kukaa kwenye kiti na kumsikiliza mtu mwingine mpaka amalize kusema. Lakini vilikuja na mambo yao. Kwanza kiu. Si kiu ya jembe na jua, hiyo naijua. Hii ni kiu ambayo unamaliza jagi zima na ulimi bado umekauka. Na maji yakishaingia lazima yatoke, kwa hiyo nikawa mtu wa kwenda chooni saa yote. Kwetu maji yanachotwa kwenye mchanga wa mto na kubebwa na punda. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, itabidi tukununulie punda yako peke yako." Alicheka nami nikacheka, lakini baadaye nilimwona akitikisa jerikeni kusikiliza ndani kumebaki nini.

Kisha ikaja mikono. Mwanzoni ilikuwa ni kikombe kugongagonga sahani. Baadaye kisu kikaanza kucheza. Nilikuwa nakata jicho, nalitupa, nakata lingine, nalitupa, mpaka miguuni kwangu kumejaa macho yaliyoharibika. Mteja mmoja aliniuliza kama nimeanza kunywa pombe. Nilimjibu vibaya sana, na sijutii.

Kwa kinyozi nilisikia mtu akisema dawa za akili zinakula figo. Alikuwa anasema tu, hakuwa ananiambia mimi, lakini nilirudi nyumbani nikijishika kiuno. Kwenye kliniki nilimuuliza muuguzi. Hakunificha. Alisema ndiyo, lithiamu inaweza kusumbua figo baada ya muda, ndiyo maana wananitoa damu kila mara kuangalia.

"Mkono ikitetemeka kidogo, utaniambia tuangalie dozi na daktari," alisema. "Lakini usiache mwenyewe, na usipunguze mwenyewe. Na usicheze na maji. Hii dawa haitaki mtu mkavu. Ukitapika, ukihara, ama mkono ianze kuruka yenyewe, usingoje siku ya kliniki. Kuja mbio."

Niliitikia yote. Mimi ni hodari wa kuitikia.

Lakini nikiwa peke yangu kwenye kitalu nilikuwa na hesabu moja tu kichwani, na haikuwa ikiisha. Nikiacha vidonge, nitarudi Nuu. Nikiendelea navyo, mikono itaniacha, na fundi wa michungwa asiye na mikono ni nani? Kila jioni nilivitia vidonge kiganjani na kuviangalia. Mke wangu alikuwa akijifanya anapanga vyombo huku ananitazama kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nameza, lakini kila jioni nilikuwa naamua upya, na kuamua kila siku kunachosha kuliko kulima.

Sasa niseme juu ya mama mkwe wangu, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi.

Anakaa Kanyangi, upande wa Kitui. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Vijana wa siku hizi wameiacha. Wanawakumbatia wakwe zao kwenye harusi mbele ya kamera. Mama mkwe wangu hajaiacha. Katika miaka yote ya ndoa yangu hatukuwahi kushikana mikono, wala kula meza moja, wala yeye kunywa hata chai nikiwa namwona. Hata kuongea na mimi haongei. Anaongea na mtu mwingine nami nikiwa hapo hapo. "Mwambie mume wako chai iko tayari." "Mwambie mume wako asikalie hiyo kiti, mguu imevunjika." Mtu akikosekana anamwambia kuku. Nimewahi kupewa maagizo marefu juu ya lango la ng'ombe kupitia jogoo.

Ni mama wa maombi pia. Kanisani kwao ndiye anayeongoza wanawake, na akifunga, anafunga kweli. Mke wangu alimwogopa kuliko alivyoniogopa mimi nikiwa Nuu. "Mama akijua ni ya akili," aliniambia, "atasema nirudi nyumbani na watoto. Namjua." Alisema huku akikunja nguo, bila kuniangalia. Hofu hiyo ikaungana na ile nyingine. Kila mkono ulipotetemeka, nilimwona mama mkwe akiuona.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Kanisa la Kanyangi likatangaza maombi ya mvua, Ijumaa hadi Jumapili, kufunga kukavu, bila chakula wala maji. Kila mtu angeleta mbegu zake Jumapili ziombewe. Ujumbe ukaja kupitia kwa mke wangu: mama anataka familia yote iwepo, na mwambie mume wako aje na kisu, kuna mlimau hapa nyuma ya jikoni anataka uzae machungwa.

Ningeweza kusema nina kazi. Ningeweza kusema nitafunga chakula tu, maji nitakunywa. Lakini kwa sababu gani? Mwanamume mzima, mkwe, anywe maji peke yake mbele ya wanawake wazee waliofunga? Wangeuliza, na jibu lingekuwa moja. Mke wangu alisema tusiende. Mimi nikamwambia ninajua ninachofanya. Nilikuwa nimepata njia, nikajiona mjanja: nitaendelea na vidonge kama muuguzi alivyosema, nisiache hata kimoja, ila nitavimeza kwa mate. Kidonge si chakula, na mate si maji. Mungu ataridhika na muuguzi ataridhika.

Ijumaa jioni nilijificha nyuma ya ghala la mahindi la mama mkwe, nikakusanya mate mpaka taya zikauma, nikameza. Vilikwama kooni vikashuka vikikwaruza. Jumamosi jioni sikuwa na mate. Niling'ang'ana na kidonge kimoja mpaka kikaanza kuyeyuka juu ya ulimi, kichungu, chenye ladha ya chuma, na machozi yakanitoka. Hata hivyo nilimeza vyote. Nilijivunia jambo hilo.

Mchana ule wa Jumamosi mikono ilikuwa imeshaanza. Halikuwa lile tetemeko dogo nililolizoea. Vidole vilikuwa vinaruka. Nilikalia mikono yangu kwenye benchi la kanisa, nikajiambia ni njaa. Tumbo likaanza kusokota. Nikajiambia ni njaa. Nilikumbuka maneno ya muuguzi, neno kwa neno, nikaogopa mpaka masikio yakaziba, na bado nikabaki nimekaa. Niliogopa kufa, ndiyo. Lakini niliogopa zaidi kuinuka.

Jumapili jua liliwaka mapema. Mbele ya madhabahu walikuwa wamepanga mbegu, kunde, pojo, mtama, katika vibuyu na mifuko ya plastiki, na katikati jagi la maji safi ambalo mchungaji angelitumia kunyunyizia mbegu mwisho wa ibada. Mimi sikuona mbegu. Nililiona jagi tu. Nilihesabu dosari zote za plastiki yake.

Tuliposimama kuomba, mwili wangu wote ulianza kuruka. Mikono, mabega, kidevu. Nilijaribu kushika benchi, benchi likagonga sakafu. Mwanamke nyuma yangu akapaza sauti akimsifu Mungu. Mwingine akaitikia. Mchungaji akageuka, akaniona, na uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyeomba kwa muda mrefu na sasa amejibiwa. "Roho ameshuka!" alisema. "Ameshuka juu ya mgeni wetu!" Wimbo ukaanza. Wakanizunguka, wakaweka mikono juu yangu, mikono yenye joto na nia njema kabisa. Nilitaka kuwaambia waache. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka yamepondeka, na wao waliposikia sauti ile isiyo na maana, wakaimba kwa nguvu zaidi.

Kwa mara nyingine nilikuwa katikati ya watu kama mtu aliyechaguliwa. Nakumbuka nilifikiri juu ya Nuu, na safari hii nilikuwa na akili zangu timamu, na ilikuwa mbaya zaidi.

Mke wangu alisukuma watu. Alikuwa analia. Alimfikia mama yake, akamshika kwa bega, nami nikaona midomo yake ikisema jambo ambalo tulikuwa tumeapa halitasemwa. Halikuwa jambo refu. Mama mkwe alinitazama. Sijui kama aliwahi kunitazama usoni kabla ya siku hiyo. Kisha akapita katikati ya wanawake wake, akaenda mpaka madhabahuni, akachukua jagi.

Wimbo ulififia. Alisimama mbele yangu na kumimina maji kwenye kikombe cha bati. Mimi nikatikisa kichwa. Hata katika hali ile, na mate yakinitoka, nilitikisa kichwa. Nilikuwa naona haya.

"Mwambie mume wako anywe," alimwambia binti yake.

Nikatikisa kichwa tena.

Basi yule mama, aliyekuwa hajaonja tone tangu Ijumaa, aliyewaongoza wote pale kufunga, ambaye hakuwahi kunywa hata chai mbele yangu, aliinua kikombe akanywa. Alikunywa chote, taratibu, akinitazama machoni, na kanisa zima likimtazama yeye. Akamimina kingine. Akaweka mkono wake nyuma ya shingo yangu.

"Kunywa," akaniambia mimi. "Mimi nimekunywa. Wewe pia kunywa."

Nikanywa.

Mchungaji ndiye aliyenipeleka hospitali Kitui mjini kwa gari lake. Tulipofika, kabla hajafungua mlango, aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia? Ningekataza nani kunywa maji?" Aliuliza kwa uchungu wa kweli.

Waliniwekea dripu, wakasimamisha vidonge kwa muda, wakatoa damu. Dawa ilikuwa imejaa mwilini kupita kiasi, walisema, kwa sababu hakukuwa na maji ya kuitoa. Ningechelewa zaidi, ingekuwa habari nyingine. Figo zilipimwa na zikapimwa tena. Siku za kungoja majibu yale sitaki kuzieleza. Figo zilikuwa salama. Baadaye daktari alinirudishia lithiamu kwa dozi ndogo, na sasa kila nikitetemeka kuliko kawaida naenda kusema. Mvua ilinyesha nikiwa bado kitandani. Nasikia wanawake wa Kanyangi wanabishana mpaka leo kama ilikuwa jibu la kufunga au la kufungua.

Nilimngoja mke wangu aniambie kwamba mama yake anamtaka arudi nyumbani. Kila simu ilipolia nilisimama. Wiki zikapita, na ujumbe uliokuja ulikuwa huu: mlimau bado unangoja.

Nikarudi Kanyangi na kisu changu. Mlimau ule mama mkwe alikuwa akiumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, na ganda lilifunguka vizuri. Mlimau mkavu huwezi kuuchana hivyo. Nilikata jicho la kwanza likaharibika. La pili pia. Nilikuwa nimepiga magoti, jasho linanitoka, nikijua amesimama nyuma yangu. Nikasikia viatu vyake. Akachuchumaa upande wa pili wa mti, akaushika mche kwa mikono yote miwili, juu na chini ya pale nilipokata.

"Mama, nitakukata," nikasema.

"Kata mti," alisema. Alimtafuta kuku kwa macho, akamkosa, akaniambia mwenyewe. "Na wewe unafikiri mimi ni mtoto? Malaria gani inapeleka mtu Nuu na gunia ya machungwa?"

Nilibaki nimeshika kisu. Alijua. Miaka ile yote ya kukalia mikono, alijua.

"Mbona hukusema?"

"Ningekwambia na mdomo gani? Nthoni." Akatikisa mche kidogo kunikumbusha kazi. "Hiyo dawa unakunywa saa ngapi?"

"Jioni. Nikishakula."

Jicho liliingia, nikafunga nailoni, na yeye hakuachia mpaka nilipomaliza fundo.

Tangu hapo, kila jioni simu yangu hulia mara moja na kukatika. Ni yeye, ananiflashi. Sipokei, wala hataki nipokee. Heshima imerudi mahali pake na ninapofika Kanyangi bado naletewa salamu kupitia jogoo. Ikilia, namimina maji, nameza. Sikai tena nikiviangalia vidonge kiganjani. Hofu haijaisha, asubuhi bado naangalia vidole, na damu yangu ikienda kupimwa bado silali vizuri. Lakini jioni kuna mtu ameshaamua pamoja nami.

Juzi simu haikulia. Giza lilikuwa linaingia, chakula kimeondolewa, vidonge viko mezani. Mke wangu alisema ni netiwaki ya Kanyangi. Nilingoja, nikasimama, nikakaa. Mwishowe nikafanya jambo ambalo mkwe hafanyi: nikampigia. Iliita kwa muda mrefu kabla hajapokea.

"Mama, simu haikulia."

Nilisikia mbuzi nyuma yake, na ndoo ikiwekwa chini.

"Nilikuwa mtoni," alisema. "Watu ni wengi kwa kisima. Umekunywa?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja."

"Usiningoje. Siku moja mimi sitakuwa." Akavuta pumzi, pumzi ya mtu aliyebeba maji. "Haya, kunywa. Nasikiliza."

Nikaibana simu kwa bega, nikameza, nikanywa, kikombe kikigonga meno, naye akasikiliza mpaka maji yakaisha.